Chungu Kimoja, Sahani Tofauti: Mwongozo wa Kupanga Mlo wa Familia Mwenzi Anapobadilishiwa Chakula na Daktari

Mume au mke anaporudi kutoka kliniki akiwa ameambiwa kwamba ana kisukari au shinikizo la damu, nyumba nyingi hapa Nairobi humtengea sufuria. Yeye huchemshiwa chakula chake pembeni, bila chumvi wala kitunguu wala mafuta, huku wengine wakiendelea na chapati, mchuzi uliokolea na chai tamu kama zamani. Mpango huo haudumu. Anayepika huchoka kuwasha meko mara mbili, mtungi wa gesi huisha mapema, na mgonjwa mwenyewe, akiwa mezani na kiazi chake kilichochemshwa, huona kwamba ameadhibiwa kwa kosa asilolitenda. Mtu anayejiona ameadhibiwa nyumbani atasimama kwenye kibanda cha chipsi mara tu anaposhuka kwenye matatu, na hakuna atakayejua.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine: chungu kibadilike kwa ajili ya wote, na tofauti kati ya mtu na mtu ibaki kwenye sahani. Sababu si huruma peke yake. Kiwango cha chumvi ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima yeyote, awe na ugonjwa au asiwe nao, ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, na kiwango cha mboga na matunda ni gramu 400 au zaidi. Mgonjwa, kwa hiyo, hapewi chakula cha kigeni. Anarudishwa kwenye kile ambacho sote tulipaswa kula. Isitoshe, kisukari cha aina ya pili hufuata ukoo, hivyo watoto wa mzazi mwenye ugonjwa huo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuupata ukubwani, na mlo mtakaoupanga sasa unawakinga wao pia.

Maelezo yanayofuata yanaihusu nyumba ambayo mmoja wa wanandoa ana kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, au yote mawili, kwa kuwa magonjwa haya huandamana mara nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wanahitaji mpango wao wenyewe kutoka kwa mtaalamu. Baadhi ya vyakula ninavyovisifu hapa, kama maharagwe, parachichi na mboga za majani, vina potasiamu nyingi, ambayo figo zilizodhoofika hushindwa kuiondoa mwilini.

Hatua ya kwanza: Nendeni kliniki mkiwa wawili

"Punguza wanga, punguza chumvi" ni agizo la kweli, lakini halipikiki. Kliniki ina foleni, daktari ana dakika chache, na mara nyingi aliyeingia chumbani ni mgonjwa, si yule atakayesimama jikoni jioni. Kwa hiyo miadi inayofuata nendeni pamoja, na ikiwa anayepika ni msaidizi wa nyumbani, aelezwe baadaye sababu ya kila badiliko badala ya kupewa orodha ya makatazo. Andikeni maswali kabla ya kutoka nyumbani: ni dawa gani zilizoandikwa, na zinywewe kabla au baada ya kula, je, figo zimepimwa, uzito upungue kwa kiasi gani, ikiwa kweli unahitaji kupungua, na ni vipimo vipi vya sukari na shinikizo tunavyovilenga.

Ombeni pia kuonana na mtaalamu wa lishe. Hospitali kubwa za umma jijini, kama vile Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki, zina wataalamu hao. Mkiamua kumlipa mtaalamu wa binafsi, hakikisheni kwamba amesajiliwa na KNDI, taasisi iliyopewa na sheria kazi ya kuwasajili na kuwapa leseni wataalamu wa lishe nchini, maana wauzaji wa poda na vidonge wanaojiita wataalamu ni wengi mno.

Swali la dawa lina uzito kuliko yote, nami nawasihi msilipite. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vya kundi la glibenklamidi, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi iwapo nyumba itaamua ghafla kumpunguzia ugali kwa nusu ilhali dozi imebaki ileile. Metformini peke yake ni nadra kuleta tatizo hilo. Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na akili kuvurugika. Kila mtu mzima nyumbani afahamu la kufanya: mgonjwa anywe maji yaliyokorogwa vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, arudie ikiwa haijapanda, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu mdomoni, bali akimbizwe hospitalini. Kabla ya kupunguza wanga kwa kiasi kikubwa, basi, daktari ajulishwe ili aitazame upya dozi.

Hatua ya pili: Kwa wiki moja, andikeni mnachokula bila kubadilisha chochote

Wengi huanza kwa kutupa vitu kabatini. Mimi naona heri kuanza kwa daftari na kalamu. Andikeni kila mlo, pamoja na vile ambavyo havihesabiwi kuwa mlo: mandazi mawili ya saa nne kazini, soda iliyonunuliwa kwenye foleni ya magari, mkate uliobaki kwenye kikapu cha mtoto. Lengo si kumkamata mtu. Lengo ni kujua chumvi, sukari na mafuta vinaingilia mlango upi, kwa sababu kila nyumba ina mlango wake.

Kisha fanyeni jambo ambalo halihitaji mizani: andikeni tarehe kwenye kila pakiti ya chumvi, ya sukari na kila mtungi wa mafuta siku mnapoufungua. Pakiti zenyewe zitawapa hesabu. Chukueni mfano wa nyumba yenye watu wazima 4. Kwa kiwango cha gramu 5 kwa mtu, chumvi yote ya siku isizidi gramu 20, ambayo kwa mwezi ni gramu 600, na humo imehesabiwa chumvi iliyomo ndani ya mkate, soseji na viungo vya pakiti. Pakiti ya nusu kilo, basi, inapaswa kumaliza mwezi bila taabu. Ikiwa huisha baada ya wiki mbili, mmeshapata kazi ya kwanza, na ikiwa nyumba ina watoto wadogo, kiwango chao kiko chini zaidi.

Sukari nayo ina hesabu yake. Watu 4 wakinywa chai mara 3 kwa siku, kila kikombe kikiwa na vijiko 2 vya chai, hivyo ni vijiko 24, na kwa kuwa kijiko kimoja hubeba gramu 4 hivi, nyumba hiyo inatumia karibu gramu 96 kwa siku. Pakiti ya kilo 2 itaisha kwa wiki 3. Kila mmoja wao amekunywa gramu 24 kwa chai peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa mtu mzima kwa siku, na ni bora zaidi ikishuka hadi 25, kwa hiyo chai imekwisha kula karibu kiwango chote kilicho bora kabla hata ya mkate na soda. Soda ya nusu lita hubeba zaidi ya vijiko 10.

Kuhusu mafuta, kijiko kikubwa kimoja kina mililita 15 hivi. Nyumba ya watu 4 inayotumia kijiko kikubwa kimoja kwa kila mtu kwa siku hutumia mililita 60, na lita moja huwatosha siku 16. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye mtungi ataona lita ikiisha kwa wiki, wala hatajua ilipotelea wapi.

Hatua ya tatu: Pangeni sahani kabla ya kupanga chungu

Sahani ya kawaida jijini ni mlima wa ugali, sukuma wiki kijiko kimoja pembeni, na vipande vichache vya nyama. Sahani mnayoitafuta ni ile ambayo nusu yake imejaa mboga, robo ni protini, kama vile maharagwe, ndengu, samaki, mayai, kuku au nyama, na robo iliyobaki ndiyo wanga. Kwa mtu mzima mwenye kisukari, kipande cha ugali kisichozidi ngumi yake ni mahali pazuri pa kuanzia, hadi mtaalamu wake aseme vingine. Aanze kwa mboga na protini, kisha ndipo ale wanga. Mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya kula.

Ugumu uko katika kuutambua wanga, kwa maana katika mapishi yetu hujificha mara mbili ndani ya mlo mmoja. Karanga, yaani nyama ya kukaanga yenye mchuzi, iliyotiwa viazi ikimwagwa juu ya wali ni wanga juu ya wanga. Mukimo una viazi na mahindi, hivyo majani ya malenge yaliyomo hayatoshi kuugeuza kuwa mboga, na hauhitaji kusindikizwa na wali wala chapati. Githeri ni mlo mzuri ikiwa maharagwe yamezidi mahindi, na si mlo huo tena ikiwa maharagwe yanahesabika kwa vidole. Ndizi za kupika, nduma, mihogo na viazi vitamu ni vyakula vya asili na vina faida zake, lakini vyote hukaa kwenye ile robo ya wanga.

Hapa panahitajika neno kuhusu ugali wa kahawia. Unga usiokobolewa uliosagwa kwenye poshomili, au ule uliochanganywa na mtama na wimbi, una nyuzinyuzi nyingi kuliko unga mweupe wa grade one, hushibisha upesi, nami naupendekeza kwa moyo wote. Hata hivyo bado ni wanga, na mtu aliyeambiwa kwamba ugali wa wimbi "hauna sukari" kisha akala maradufu atashangaa asubuhi atakapopima. Vivyo hivyo uji: uji mwepesi wa wimbi hupandisha sukari haraka kuliko watu wanavyodhani, hasa ukikorogwa na sukari. Kikombe kimoja kisichotiwa sukari, kikiandamana na yai au karanga, ni tofauti kabisa na bakuli lililojaa.

Hatua ya nne: Nunueni kwa wiki

Mlo wa aina hii si lazima uwe ghali, ila hulipisha ukinunuliwa kidogo kidogo kila jioni. Nafaka na jamii ya kunde, yaani maharagwe, ndengu, kamande, njahi na mbaazi, zinunuliwe kwa kilo kadhaa katika maduka ya nafaka ya Nyamakima au Marikiti. Marikiti, ambayo jina lake rasmi ni Soko la Wakulima, na Muthurwa iliyo jirani yake, ni mahali pa vitunguu, nyanya, karoti na matunda; anayeishi mbali ana Toi, Kangemi au soko la mtaa wake. Samaki na omena hupatikana kwa wingi Gikomba. Mboga za majani hazikai, kwa hiyo hizo mwachieni mama mboga wa karibu na nyumbani, na mzungumze naye mapema: akijua kwamba kila Jumatatu na Alhamisi mnahitaji managu au saga, atawawekea.

Zungusheni mboga. Sukuma wiki ni nzuri, lakini watoto huichoka, na aliyechoka mboga huila kijiko kimoja tu. Terere, managu, saga, kunde, kanzira, spinachi, mrenda, kabichi na malenge, pamoja na bilinganya na karoti, vinatosha kupanga wiki nzima bila kurudia. Mama mboga akijitolea kuwakatia, mwombeni msamaha na mbebe nzima. Jani lioshwe kwanza kwa maji safi yanayotiririka, kisha likatwe, kwa sababu lililokatwa kabla ya kuoshwa huacha virutubishi vyake majini.

Mkinunua mahindi ya kwenda kusaga wenyewe, yakagueni punje kwa punje. Yaliyoota ukungu, yaliyobadilika rangi au yanayonuka unyevu yasisagwe hata kidogo, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo yaliua watu 125 nchini, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Bei nafuu ya gunia lenye unyevu haifai kwa mtu yeyote, sembuse nyumba yenye mgonjwa.

Hatua ya tano: Badilisheni upishi polepole, kwa wote

Ulimi huzoea chumvi kidogo baada ya wiki chache, lakini haukubali kunyang'anywa kwa siku moja. Punguzeni robo ya kipimo cha kawaida, mkae nacho kwa muda, kisha punguzeni tena. Chumvi itiwe mwisho wa mapishi na kwa kijiko, si kwa kiganja, na kidau cha chumvi kiondolewe mezani. Nafasi yake ichukuliwe na limau, tangawizi, kitunguu saumu, dania, pilipili, binzari na nyanya zilizokaangwa hadi zikaiva barabara. Mchuzi wa ndengu uliokamuliwa limau hauiulizi chumvi.

Kuna vitu vitatu ambavyo nyumba nyingi hazivihesabu. Cha kwanza ni viungo vya pakiti na vile vipande vya supu, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Anayevitia asitie chumvi nyingine, na ni bora aviache kabisa. Cha pili ni magadi yanayotiwa kwenye githeri na mboga za kienyeji ili vilainike upesi. Magadi yana sodiamu, ileile inayoifanya chumvi ipandishe shinikizo la damu, na tena huharibu baadhi ya vitamini. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya: yataiva kwa muda mfupi zaidi na gesi itabaki. Mboga kama mrenda au saga zinaweza kulainishwa kwa maziwa au krimu kidogo badala ya magadi. Cha tatu ni zile chumvi mbadala zinazouzwa katika maduka makubwa kama chumvi ya wagonjwa wa presha. Nyingi zina potasiamu, na zinaweza kumdhuru mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa kama enalaprili na losartani. Zisinunuliwe kabla daktari hajaulizwa.

Chai inahitaji badiliko moja tu, lakini ni kubwa: sukari isitiwe sufuriani wala kwenye chupa ya chai. Chai ipikwe bila sukari, kila mtu ajitilie kikombeni, na kila baada ya siku kadhaa apunguze nusu kijiko. Mdalasini, iliki au tangawizi husaidia katika siku za mwanzo. Chai pia isiandamane na mlo wenyewe bali inywewe kando, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kutoka kwenye mboga na maharagwe, jambo ambalo linawahusu zaidi wanawake na watoto.

Mafuta yapimwe kwa kijiko kabla ya kuingia sufuriani. Mafuta ya maji ni afadhali kuliko yale yanayoganda, ambayo yana mafuta mazito kwa wingi. Chapati zisikatazwe, kwani nyumba ya Nairobi isiyo na chapati kabisa haitafuata mpango kwa mwezi. Zikandwe kwa unga wa atta, au nusu kwa nusu na unga mweupe, zipakwe mafuta kidogo kwa brashi, na mwenye kisukari ale moja pamoja na bakuli kubwa la kamande na kachumbari.

Hatua ya sita: Andikeni ratiba na muibandike jikoni

Ratiba ifuatayo ni ya chakula cha jioni kwa wiki moja, nanyi mtaibadilisha kwa kadiri ya soko na mfuko.

Jumatatu: ugali wa unga usiokobolewa, omena kwa nyanya na vitunguu, managu.
Jumanne: wali kidogo, ndengu, kabichi na karoti.
Jumatano: githeri yenye maharagwe mengi, sukuma wiki, kipande cha parachichi.
Alhamisi: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, spinachi na bilinganya.
Ijumaa: ugali, mchuzi wa tilapia, kunde.
Jumamosi: chapati, kamande, kachumbari na terere.
Jumapili: kuku wa mchuzi asiye na ngozi, mukimo au wali, saga na malenge.

Nguzo ya ratiba hii ni Jumapili alasiri. Chemsheni kwa pamoja maharagwe, ndengu na mahindi ya wiki, kila kimoja kivyake na bila chumvi, mvigawe katika vyombo vya mlo mmoja mmoja, na mviweke kwenye friza. Vile vya siku 3 za mwanzo vinaweza kukaa ndani ya friji ya kawaida. Asiye na friji achemshe cha jioni hiyo na cha kesho mchana tu, akichemshe tena hadi kitokote kabla ya kula. Nawahimiza mno katika hili, kwa sababu anayefika nyumbani saa mbili na nusu usiku baada ya kukaa kwenye msongamano wa Thika Road hataanza kuchemsha maharagwe. Akikuta yameiva, chakula kitakuwa mezani kwa nusu saa. Asipoyakuta, atatuma mtoto akanunue mkate na soseji.

Kinachobaki jioni kiwe chakula cha mchana cha kesho kazini, kikiwa kimepakiwa kwa mpango uleule wa nusu, robo na robo. Kwa ile njaa ya saa kumi na moja jioni kituoni, mwenzi abebe karanga zisizo na chumvi, yai la kuchemsha au tunda moja zima. Tunda liliwe, lisikamuliwe: sharubati huondoa nyuzinyuzi na kuacha sukari ya machungwa manne ndani ya glasi moja.

Hatua ya saba: Watoto, wakwe na wageni

Watoto hula kutoka chungu kilekile, lakini sahani yao si ya mzazi. Wanakua, wanakimbia, na wanahitaji ugali zaidi, maziwa, na parachichi au karanga kwa ajili ya nguvu. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipunguziwe mafuta. Kilicho sawa kwa wote ni chumvi kidogo, sukari kidogo na mboga nyingi.

Kuhusu wakwe, heshima hutangulia maelezo. Mama mkwe anapokuja kutoka mashambani na gunia la viazi na mkungu wa ndizi, akamkuta mwanawe na kipande cha ugali cha ngumi moja, atadhani kwamba anashindishwa njaa, na atamwangalia mkaza mwana. Neno hilo lisemwe na mwanawe mwenyewe, mapema na kwa upole: "Mama, daktari ndiye aliyenipangia hivi, nami naona nafuu." Zawadi ipokewe kwa shukrani, ipikwe, na igawanywe pia kwa majirani. Hali ni hiyohiyo mke akiwa ndiye mgonjwa: mume aseme mbele ya ndugu zake, asimwachie mkewe kazi ya kujitetea katika kila karamu.

Mkitoka kula nyama choma, Kenyatta Market au kwingineko, agizeni kachumbari na mboga kwanza, mwombe nyama iletwe bila lile fungu la chumvi kwenye ubao, na ugali mmoja ugawanywe kwa watu wengi. Kwenye harusi na mazishi, sahani ileile ya nusu na robo mbili inatosha kumwongoza mtu.

Na kati yenu wawili, asiwepo askari. Kumhoji mtu mzima kila jioni alikula nini mchana humfundisha kuficha. Daftari la chakula liwe lake, alionyeshe akitaka, na siku ambayo mambo yameharibika mlo unaofuata upikwe kama ulivyopangwa, bila hotuba.

Hatua ya nane: Pimeni, kisha mrekebishe

Mpango wa chakula usiopimwa ni dhana. Mwenye mashine ya sukari apime kwa nyakati ambazo daktari amezitaja, na mara mojamoja apime kabla ya mlo fulani na tena saa 2 baada ya kuanza kuula. Kwa njia hiyo mtajua, kwa mwili huu na si kwa mwili wa jirani, ni chakula kipi kinachopandisha sukari zaidi, kati ya githeri na wali kwa ndengu. Shinikizo la damu lipimwe mtu akiwa ameketi kwa utulivu dakika 5, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo, na asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Asiye na mashine amuulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, kwa kuwa vifaa ambavyo serikali ilianza kuwagawia mwaka 2023 vina mashine ya shinikizo na ya sukari.

Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3, hivyo hakuna haja ya kukirudia baada ya wiki mbili za sukuma wiki na kukata tamaa. Kwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7, ingawa daktari anaweza kuweka jingine kwa mzee au kwa mwenye maradhi mengine. Vipimo vikiwa vizuri, dawa isiachwe wala kupunguzwa na familia, na chupa ya mitishamba inayoahidi kuponya kisukari isichukue nafasi yake.

Siku ya miadi, bebeni daftari la chakula, orodha ya vipimo, dawa zote ndani ya mfuko mmoja na zile tarehe za pakiti za chumvi na sukari. Ikiwa chakula kimefuatwa kwa uaminifu na vipimo havijashuka, msirudi nyumbani kumpunguzia mgonjwa kipande cha ugali kwa mara nyingine. Mwombeni daktari atazame dawa.